Nge Mwenye Jina la Mke Wangu

Jina la mke wangu siliandiki hapa. Limeandikwa vya kutosha na watu ambao alipokuwa hai hawakulijua. Kazini walimwita Mama Chupa kwa sababu kazi yake ilikuwa kuosha chupa, na mimi humu nitamwita hivyo hivyo. Nyumbani nilimwita vingine, na hayo hayamhusu mtu.

Kazi yetu ilikuwa kwenye taasisi inayohifadhi wadudu na wanyama waliokufa. Mimi ni seremala wa hapo mpaka leo: rafu, droo, milango inayovimba mvua zikianza. Ukiingia stoo kubwa utakuta chupa juu ya chupa, zote zimejaa spiriti, na ndani ya kila moja kuna kiumbe: chura, mjusi, jongoo, nyoka amejikunja kama mkanda sandukuni. Kila mmoja ana kikaratasi chenye jina la kisayansi. Jina hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ukoo, anaitumia yeye na ndugu zake. Ya pili ni yake peke yake. Shule mimi niliipitia mlangoni tu, lakini hili nalielewa kuliko ninavyotaka, kwa sababu mle ndani kuna nge ambaye sehemu ya pili ya jina lake ni jina la mke wangu.

Na nge huyo ndiye aliyemuua.

Wakubwa walisema jina hilo ni heshima. Mimi nilitaka jina litolewe. Nililitaka hilo kwa miaka, na watu wakaniona nimeharibikiwa kichwa.

Nianze na siku yenyewe. Wataalamu walikuwa wametoka porini na masanduku yao ya magome na mawe na takataka za miti, mna wadudu humo wanasubiri kuchambuliwa. Stoo ilikuwa imejaa. Profesa, mkuu wa idara, akasema masanduku yawekwe kwenye chumba cha kuoshea chupa. Mama Chupa akamwambia, "Mzee, mimi nitakanyaga wapi?" Akajibiwa ni kwa muda tu. Muda wa wakubwa unajulikana ulivyo mrefu. Glavu alikuwa ameziomba mpaka akachoka, akaambiwa bajeti haijatoka. Basi akaingiza mkono chini ya sinki kuchukua brashi, na nge aliyetoroka sandukuni akamchoma mwiba kwenye kidole.

Hakupiga kelele. Alichukua chupa aliyokuwa anaiosha akamfunika nayo yule nge, asije akamuuma mwingine. Ndipo akaita.

Haya niliyapata kwa dereva, maana mimi nilikuwa nimekwenda kuchagua mbao. Dereva aliniambia: "Fundi, mimi nilikuwa nimeshawasha gari. Nikaambiwa nizime."

"Nani alikwambia uzime?"

"Unajua mwenyewe nani."

Profesa alisema hospitali watataka kujua ni nge gani. Alisema nge si nge tu, wapo wa kila namna, na huwezi kumpeleka mgonjwa kama gunia bila maelezo. Akamchukua yule nge, akamgeuza chali chini ya kioo cha kukuzia, yeye na vijana wake wasomi wakaanza kuhesabu. Nge ana vitu tumboni kama vichana viwili, na idadi ya meno ya vichana hivyo ndiyo inayowaambia ni nani. Wakahesabu, wakafungua kitabu. Wakahesabu tena, wakafungua kingine. Mke wangu alikuwa kwenye benchi la korido, mlango wao uko wazi, anawaona.

Nilipofika nikamkuta jasho linamtiririka na midomo inamcheza. Nikamuuliza mbona hamjaondoka. Akasema, na alikuwa bado na utani, Mungu anajua aliutoa wapi: "Wanamtafutia nge jina. Mimi miaka yote hii hawajaniuliza langu."

Nikaingia mle ndani nikasema maneno ambayo fundi hamwambii profesa. Ndipo gari likawashwa. Tulipofika hospitali hakuwa ananijibu tena. Profesa na vijana wake waliporudi kwenye vitabu vyao walithibitisha kwamba nge yule hayumo katika kitabu chochote. Alikuwa mpya. Profesa, nasikia, alishindwa kulala kwa furaha, kisha akashindwa kulala kwa aibu, na hizo mbili zikakutana zikazaa wazo: nge apewe jina la marehemu.

Lakini hakulijua jina lenyewe. Alimtuma karani aende akaliulize.

Walifanya sherehe. Viti vya plastiki, soda, hotuba. Wakatukabidhi fremu kubwa ya kioo yenye picha ya nge, mkia umekunjwa juu, na chini yake jina la ukoo wa nge likifuatiwa na la mke wangu. Binti yangu alilia akaikumbatia. Mimi sikuigusa.

Ninyi mnaosoma mtasema, lakini ni heshima kweli. Sawa. Njooni mfanye kazi pale.

Jina la kisayansi ni refu, na watu wa kazini hawana muda, kwa hiyo wanalikata. La ukoo wanaliacha, wanabakiza la mwisho. Niko juu ya ngazi napigilia rafu, nasikia chini: "Nani kamtoa?" halafu jina la mke wangu. "Yuko mezani, anapigwa picha." Nasikia: "Amekauka yule, mwongezeeni spiriti." Nasikia: "Mgeuze chali tuone tumbo." Siku moja nilikuwa nafunga bawaba mlangoni, vijana wawili wanaandaa somo la nge wanavyopandana, mmoja akasema, "Huyu huenda alimla dume wake baadaye," akamtaja kwa jina. Mwenzake akacheka, kisha akaniona. Akasema, "Shikamoo, Fundi." Nikasema marahaba. Ningesema nini?

Kila nikisikia jina lile kichwa kinageuka chenyewe. Hilo ndilo sikuweza kumweleza mtu. Mtu akifiwa, sikio lake linazoea polepole kwamba hakuna atakayeitwa. Langu halikupewa nafasi. Kila siku ya kazi aliitwa, na kila alipoitwa nilimtafuta kwa macho, na kila nilipomtafuta nilimkuta yuko ndani ya chupa, rangi ya matope, mkia juu.

Chumba cha kuoshea kilifungwa na kufuli baada ya msiba. Lakini mchana, watu wakienda kula na jengo likitulia, chupa zilisikika zikigongana taratibu ndani ya maji. Mtu anayeosha kwa uangalifu hutoa sauti hiyo, chupa hazigongani kwa nguvu, zinagusana tu. Nilidhani ni mimi peke yangu. Mlinzi, mtu wa maneno mengi, akaniambia siku moja langoni: "Fundi, mkeo yuko zamu leo."

"Usinitanie."

"Mimi nikutanie kwa hilo? Nenda kasikilize. Mimi siku hizi kule sipiti, nazunguka nje hata mvua ikinyesha."

Basi nikaenda kwa Profesa. Alinikaribisha vizuri, akaniambia nikae. Sikukaa.

"Jina la mke wangu litoe."

"Litoke wapi?"

"Kwa yule nge."

Akavua miwani. "Fundi, jina likishachapishwa halitoki. Hata mimi siwezi."

"Aliyeliweka ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi aliyeweka ndiye anayetoa. Mimi nikipigilia msumari vibaya naung'oa."

"Sayansi si msumari. Dunia nzima sasa inamjua nge huyu kwa jina hilo. Nikimtaja kwa lingine, wa nchi nyingine atajuaje tunamsema nge yupi? Kanuni zetu ni moja kila mahali." Akaona sitoki, akaongeza, nadhani kwa kunituliza: "Jina huanguka kwa njia moja. Ikionekana kiumbe alishapewa jina na mtu mwingine zamani, la kwanza ndilo linalosimama. Lakini huyu tulimtafuta kila mahali. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

Nilikuwepo, ndiyo. Nikamwuliza, "Na ile chupa yenyewe ikivunjika?" Yule nge aliyemuuma ndiye mfano halisi, akasema, ndiye anayelishikilia jina, na ndiyo maana chupa yake imefungwa utepe mwekundu. Lakini akipotea, watachagua nge mwingine wa aina yake, na jina litahamia kwake. Porini wamejaa. Usiku ule niliwaza nge wote wa porini chini ya mawe yao, kila mmoja akisubiri zamu ya kuwa mke wangu.

Binti yangu alikasirika aliposikia. Alikuja nyumbani, hakuvua hata viatu.

"Baba, unataka kumfuta mama?"

"Nataka kumtoa mule."

"Akitoka mule anabaki wapi? Mimi mwanangu nimeshamwambia bibi yake yuko kwenye vitabu. Sisi ukoo wetu nani mwingine yuko kwenye vitabu? Wewe?"

"Yuko kama nge."

"Yuko!" akasema. "Hilo ndilo nalolitaka mimi. Yuko. Wewe una kinyongo na wakubwa, unakimalizia kwa mama."

Hatukusalimiana kwa muda mrefu baada ya hapo. Ile fremu ilikuwa sebuleni kwake, juu ya televisheni, na kila nilipokwenda kumwona mjukuu nilikaa kiti cha kuipa mgongo.

Ndipo akaja mgeni mmoja. Ni mwanamke wa makamo, mtaalamu wa nge, kazi yake ni kuzunguka dunia akikagua nge waliohifadhiwa ili aandike kitabu kimoja cha wote. Mlinzi alishampa jina kabla hajashusha mzigo: Bibi Nge. Alihitaji chumba cha giza mchana, nikaitwa nizibe dirisha kwa mbao. Nikauliza za nini.

"Subiri uone, Fundi," akasema. "Ukimaliza zima taa."

Nikapigilia, nikazima. Akawasha taa yake ndogo ya zambarau, akaielekeza kwenye sahani. Nge aliyekuwa amelala pale, mfu wa siku nyingi, rangi ya matope, akawaka. Aliwaka kijani, kijani cha baridi, kila kiungo, mpaka ncha ya mwiba. Nilijua ni yupi kabla sijauona utepe mwekundu kwenye chupa.

"Wote huwaka," akasema mgeni. "Hata wakifa. Hata ngozi wanayojivua huwaka. Unamjua huyu?"

"Namjua."

Alinitazama vizuri, kisha akatazama kikaratasi, kisha mimi tena. Sijui nani alikuwa ameshamwambia. Akasema taratibu, "Kaa hapa, Fundi. Nitamwita Profesa, na wewe usikie."

Profesa alipoingia, mgeni alikuwa ameweka nge wa pili pembeni ya yule wa kwanza. Huyo alikuwa amemwazima kutoka hifadhi ya mbali, mkongwe, mguu mmoja umekatika, alikusanywa na watu ambao hata wajukuu wao wameshazeeka. Naye aliwaka. Ukiniuliza mimi, walikuwa mapacha.

"Meno ya vichana ni yale yale," alisema mgeni. "Vinyweleo vya kwenye koleo, mahali pale pale. Huyu mkongwe alipewa jina zamani, lakini aliyeliweka alimkosea ukoo, akamweka kwa watu wasio wake. Ndiyo maana hamkumpata. Mlitafuta nyumba sahihi, yeye alikuwa ameandikwa nyumba ya jirani."

"Rangi zao tofauti," akasema Profesa.

"Rangi ni ya spiriti. Unalijua hilo kuliko mimi."

Profesa alisogea karibu na sahani, uso wake ukawa wa kijani. Alihesabu mwenyewe. Nilimsikia akihesabu kwa kunong'ona, kama siku ile. Alipomaliza hakumgeukia mgeni, alinigeukia mimi.

"Fundi, mwambie. Akichapisha hivi, jina la mke wako linaanguka. Mweleze ilikuwa kwa ajili ya nini. Daktari huyu mgeni wetu anaweza kusubiri, anaweza kusema bado ana shaka. Mwombe. Wewe atakusikia."

Sijawahi kuombwa kitu na mkubwa. Nilimwona alivyozeeka. Na nilimwona binti yangu sebuleni kwake, fremu juu ya kichwa chake, akimwonyesha mtoto kwa kidole.

Nikasema, "Liache lianguke."

Kisha nikamgeukia mgeni. "Mama, nina swali. Siku ile wangelijua hilo jina la zamani, wangelipata haraka, mke wangu angepona?"

"Fundi, hayo si ya..." alianza Profesa.

"Sijakuuliza wewe."

 Mgeni alikuwa anasogezasogeza kibano chake mezani. "Nge hatari wa pande hizi dawa yao ni moja," akasema. "Hospitali hawaulizi jina la nge. Wanauliza ameumwa saa ngapi."

Profesa akatafuta kiti. Giza lilikuwa nene, akakosa, akaishika meza. Alisema walifanya walivyojua. Alisema hakuna siku inayopita. Huenda ni kweli. Mimi nilikuwa nalisikia gari la dereva likizimwa.

"Basi lifute sasa hivi," nikamwambia mgeni. "Kikaratasi hicho hapo. Chana."

"Halifutwi, Fundi." Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma zaidi. "Nge ataitwa jina la zamani. La mke wako litaandikwa chini yake, herufi ndogo, kuonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kumwita hivyo kwa makosa. Kila atakayeandika habari za nge huyu kwa kina atalazimika kulitaja. Na chupa itabaki na utepe wake, kwa sababu jina lililoanguka nalo lina mfano wake."

"Mpaka lini?"

"Maadamu watu wanaandika."

Basi nikaelewa. Mwanzo walimfanya nge. Sasa amekuwa kosa la Profesa, na wataendelea kumsoma hivyo wakati sisi wote tumeshaoza. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini mgeni alivuta kile kikaratasi karibu na taa, kama mtu anayetafuta kitu cha kunipa.

"Hapa pameandikwa aliyemkusanya ni mke wako," akasema. "Na namna ya kukusanya: kwa mkono. Alikuwa mkusanyaji?"

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe. "Kwa mkono ni kweli. Kwa kidole hiki." Nikakinyoosha changu chini ya taa ya zambarau, kucha ikang'aa. "Alikuwa anaosha chupa zao. Hawakumpa glavu. Alikuwa anatafuta brashi."

Mgeni alimtazama Profesa. Profesa hakukanusha.

"Namna alivyopatikana huwa naiandika upya nikiona haijakaa sawa," mgeni akasema, na akavuta karatasi. "Inahusu nge."

"Haihusu," alisema Profesa. "Huo ni uainishaji, si mahakama."

"Mfano halisi umepatikanaje? Hilo ni swali la uainishaji." Akawasha taa ya mezani, wale nge wawili wakarudi kuwa matope. "Fundi, nitaandika kwa ufupi, sipewi nafasi kubwa. Sema wewe, mimi nitafupisha. Anza na jina lake kamili, nisije nikalikosea."

Sikuwa nimelitamka ndani ya jengo lile tangu afe. Wao ndio waliolitamka, kila siku, wamelikata nusu. Nilikohoa. Nikalisema lote, jina lake, la baba yake, la babu yake, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimwita nayo kutoka ngazini wakati wa kwenda nyumbani, kwa sababu sikuwa na nyingine.

Chumbani tulikuwa watatu. Wote watatu tuligeuka tukautazama mlango.

Profesa alisimama wima, kama mtu anayempisha mkubwa wake. Kisha mgeni akainamia karatasi yake, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Endelea, Fundi," akasema. "Alikuwa anaosha chupa."